Kuvu Iliyoitwa Dranya

Zam ni mzaliwa wa Koboko. Alisomea magonjwa ya mimea na sasa anafanya kazi katika maabara ndogo mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Msimu wa mvua uliopita Mariam Poni, mkulima wa Dranya, hukohuko Koboko, alimletea mfuko wa dodo, mchicha wa huko. Majani yalikuwa na madoa ya kahawia, na upande wa chini yametandwa na ukungu wa kijivu.

"Binti yangu, shamba yote iko hivi," alisema. "Dawa ya dukani imeshindwa."

Zam aliweka kipande cha jani chini ya hadubini. Kuvu aliyoizoea kwenye dodo ina spora, yaani vijimbegu vyake, ndefu, nyembamba kama sindano. Hizi zilikuwa fupi, zimepinda. Aliiotesha kwenye visahani, akaipaka kwenye miche mizima, nayo ikaugua vilevile. Huenda ilikuwa kuvu mpya. Lakini kuvu haiitwi mpya mpaka vinasaba vyake visomwe, na mashine ya kuvisoma hakuwa nayo. Swaibu alikuwa nayo.

Yeye na Zam walikuwa wachumba. Swaibu alipopata masomo Uholanzi alisema ni miaka miwili tu. Ikapita, na mingine ikafuata. Simu zikapungua hadi zikabaki salamu za Idi. Posa zilipokuja kwao Koboko, Zam alizikataa bila kueleza.

Alituma sampuli. Baada ya wiki kadhaa Swaibu akapiga simu.

"Zam, hii kitu iko mpya kabisa. Hakuna mtu ameiandika."

"Una hakika?"

"Nimerudia kuisoma. Ni yako, ipe jina."

Sauti ilikuwa ileile, nzito, yenye kicheko kwa mbali. Zam alitamani kumuuliza nani anampikia, na kama bado anapenda dodo ya kuungwa kwa simsim.

"Nitaiita Dranya," akasema.

"Nimekumbuka nyumbani," Swaibu akasema.

"Nyumbani iko. Njoo."

"Nitajaribu, Zam."

Asubuhi Zam alikwenda Dranya kumweleza Mariam majibu ya Swaibu na kumwambia ang'oe miche iliyougua, aichome, na apande kwa nafasi ili upepo upite.

"Na huyo mwenzako wa ng'ambo," Mariam akauliza, "atakuja kuona?"

"Anasema atajaribu, Mama."

Zam akainama, akaanza kung'oa miche.