Mbegu Safi Nilizozichafua Njiani

Niliondoka nyumbani Kirumba kwa ajili ya dada yangu, Leokadia, anayelima mihogo kisiwani Ukerewe. Msimu uliopita alichimba akakuta ndani imeoza, ina michirizi ya kahawia, hata nguruwe wake waliisusa. Parokiani kwetu yuko Neema, mtaalamu wa mbegu. Kazini kwao hukuza miche ya mihogo ndani ya chupa, kwenye maabara, mpaka wapate isiyo na ugonjwa, kisha huipanda shambani na kukata vipande vya mbegu. Alikubali kukigawia kikundi cha akina mama cha dada yangu. Yeye alitangulia kwenda kuwaonyesha namna ya kuandaa mashamba. Mimi ni katekista mstaafu, nafasi ninayo, nikaomba nipeleke viroba.

"Mwalimu," aliniambia, "kila kiroba nimekifunga kwa utepe mwekundu. Usichanganye na mbegu nyingine, hata ukiiona nzuri namna gani. Ugonjwa huu hauonekani kwenye shina."

"Mwanangu, Amri Kumi nimezifundisha mpaka nimeota mvi. Hii moja ndiyo itanishinda?"

Asubuhi nilipakia viroba stendi ya Buzuruga, kwenye basi la Bunda. Tulipita Magu na Lamadi, ziwa likitokea na kupotea upande wa kushoto, nami nikisali rozari na kumshukuru Mungu kwamba uzeeni bado ana kazi ya kunituma. Kutoka Bunda nilichukua gari dogo, na jioni nikashuka Kibara kwa mkwe wangu, Bi Nyamisi, aliyemzaa mume wa binti yangu.

Alinipokea kwa ugali wa muhogo na sato wa mchuzi. Viroba viliwekwa chumbani nilikolala.

"Mizigo mizito hiyo, mkwe. Unahamia Ukerewe?"

"Ni vitu vya dada yangu tu," nikajibu, nikageuza mazungumzo.

Alfajiri nilimkuta uani na fungu la vipande vya mihogo, amelifunga kwa kamba ya mgomba. Kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi, na mgeni anayekwenda kwa wakulima haondoki mikono mitupu. Kuikataa ni kumwambia mwenyeji kwamba shamba lake lina mkosi. Na huyu ni mkwe! Nilipokea kwa mikono miwili. Kisha nikaona haya kufika mbele ya Neema na fungu lisilo na utepe. Nikafungua viroba viwili, nikavichomeka vile vipande katikati ya vingine, nikafunga tena.

Mchana nilivuka ziwa kwa kivuko kutoka Kisorya. Upande wa Rugezi alinisubiri Masatu, mwenye bodaboda, akanifikisha kijijini na mizigo yote.

Akina mama walikuwa wamekusanyika kigangoni, majembe yakiwa mbele ya altare. Walitaka niwaombee mbegu kabla hazijaingia ardhini. Neema alianza kufungua viroba. Kwenye cha pili akatoa kipande cha kamba ya mgomba.

"Hii sisi hatutumii. Nani amefungua hapa?"

Macho yote yakamwendea Masatu.

"Wewe Masatu, umezoea kuchokonoa mizigo ya watu!" mama mmoja akasema.

"Mimi? Mtu anaiba kwa kutoa, jamani, si kwa kuongeza!"

Walicheka, lakini hawakumwachia. Mwingine akamwambia hatapakiza tena mzigo wao. Nami nilisimama pale na kitabu cha sala. Masatu alinitazama, akingoja mzee wa dini amtetee. Hapo ndipo nilipoinua mkono nikasema ni mimi niliyefungua, na mbegu nilizoongeza zilitoka wapi.

Neema hakunifokea, na laiti angenifokea. Alijaribu kutenganisha vipande, akashindwa; mashina yalifanana. "Viroba hivi viwili vichomwe, mwalimu. Vilivyobaki vitapandwa."

Kwa hiyo fungu la mtu mmoja lingekosekana. Nilitaka kusema neno, lakini dada yangu aliniwahi.

"Likosekane langu. Kaka yangu ndiye aliyeleta kosa hili. Nitangoja wenzangu wakivuna, nao watanikatia."

Mwaka mzima wa kununua unga! Niliwasha moto mwenyewe. Baadaye walinisihi niongoze sala, nikamwomba Masatu aiongoze. Alisali vizuri, kwa ufupi.

Siku ya kurudi nilishuka tena Kibara, maana sikuweza kupita mlango ule bila kusema ukweli. Bi Nyamisi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishika mkono tukaenda shambani. Aling'oa shina moja, akaukata muhogo. Ndani ulikuwa wa kahawia.

"Yote iko hivi, mkwe. Nilizokupa nilizikata ile kona yenye nafuu." Akautupa. "Kumbe zisizougua zipo. Mlizipitisha njia gani mpaka Ukerewe?"

Kumbe nimejifunza jambo ambalo sikusafiri kulitafuta: mimi sikukosea kwa kupokea zawadi yake tu. Nililala nyumbani kwake na mbegu hizo miguuni pa kitanda, nikala chakula chake, nikasali naye, nikamficha kilichomo kwa kuogopa kwamba angeomba. Nimekwisha kumwendea Neema na jina la Bi Nyamisi, ili naye agawiwe mbegu. Ameniahidi kwamba msimu ujao tutakwenda wote Kibara, na kwamba viroba atavibeba yeye.