Kijiko, Kiberiti na Posa ya Dada

Kuna watu huwezi kuwaambia kitu, na baba mdogo alikuwa mwenyekiti wao.

Baba yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo siku wageni walipokuja kwetu, mtaa wa Fedha, kumposa dada yangu, baba mdogo ndiye aliyepaswa kuwapokea. Kwetu, wageni wa posa hawasemi neno mpaka mwanamume aliye mkubwa kwa umri nyumbani awaulize wamekuja kutafuta nini. Asipouliza, wanakunywa chai, wanashukuru, wanaenda zao. Na hawarudi. Dada alilijua hilo, ndiyo maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Sasa kaka yangu, aliyekuwa akijifunza kazi ya baa katika hoteli moja mjini, akaamua kutuonyesha ujuzi siku hiyo hiyo. Akachanganya kokteli kwenye jagi: vodka, jini na ramu, juu yake juisi ya machungwa na sukari. Wageni hata hawajafika! Baba mdogo akaonja, akacheka.

"Hii si juisi ya akina mama?"

"Taratibu, baba mdogo. Bilauri moja ya hii inapita hiyo chang'aa yako unayoramba. Sukari inaficha ukali tu."

"Ipite chang'aa? Wewe! Lete kijiko."

Jamani, hicho kijiko! Yeye na wenzake wa kiwandani, kule Industrial Area, walipima pombe hivyo: unamimina kidogo, unawasha kiberiti, moto ukiwa wa buluu basi ni kali. Akatoa kichupa chake cha chang'aa mfukoni, akamimina, ikawaka vizuri. Akamimina kokteli, njiti ikazimika.

"Umeona? Maji matupu!"

Kaka akamweleza kwamba juisi ndiyo iliyozuia moto, pombe bado imo. Aka! Ungedhani anaongea na stuli. Baba mdogo akateremsha bilauri baada ya bilauri, huku akijisifu kwamba leo amejiheshimu, hajagusa chang'aa.

Wageni walipoketi, alikuwa anakoroma kwenye kiti cha mbele, mdomo wazi. Nikamfinya. Nikamkanyaga mguu. Wapi! Chai ikaisha. Mzee wa wageni akakohoa, akachukua kofia yake. Jikoni dada akaanza kulia kimyakimya, na mimi nikatamani kummwagia baba mdogo birika zima kichwani.

Ndipo mama akatoka jikoni na aproni yake, akasimama mbele ya wale wanaume, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya.

"Huyu ni mtoto wangu. Mmekuja kutafuta nini kwangu?"

Yule mzee akaketi tena, akaweka kofia gotini. "Tumekuja kutafuta binti, mama."

Dada sasa ana watoto wakubwa. Na katika kila sherehe yao baba mdogo husimama akasimulia jinsi alivyowauliza wageni lile swali, na watu humpigia makofi. Mama, mpaka anaingia kaburini, alikuwa akipiga nao. Mimi sijawahi kupiga.