Samadi Kwenye Barafu

Safari hii ilianzia kwenye kiwele cha ng'ombe. Mama mdogo Ghati wa Nyambureti alinipigia simu: ng'ombe wake pekee wa maziwa amevimba kiwele, kamchoma sindano zote za dukani, wapi. "Wewe si uko maabara ya mifugo? Njoo kabla sijamuuza buchani."

Asubuhi niliondoka mjini Nkende kwa bodaboda, boksi la barafu mapajani. Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, na dereva wangu Chacha alikuwa ametoka machimboni juzi tu, mikono mitupu. Kila jiwe likimeta, anapunguza mwendo. Nilisali njia nzima.

Mchana tukafika. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Ng'ombe anakungoja."

Nikakamua maziwa kidogo kwenye chupa, kisha nikachota samadi zizini. Nikamweleza kwamba dawa zikitumika ovyo, bakteria wanaonusurika hubaki na vinasaba vya usugu, na huko udongoni wanagawiana kama majirani wanavyoombana chumvi.

"Kumbe samadi yangu imeishinda dawa," akasema, karibu ajivune.

Chacha hakuyasikia hayo. Aliniona tu nikifunga samadi kwenye mfuko, nikaiandika alama, nikailaza kwenye barafu. Nani anahifadhi mavi ya ng'ombe kwenye barafu? Akaaga kwamba anakwenda kunywa soda.

Jioni zizi lilijaa watu na makoleo. Jirani, mzee Marwa, alipakia toroli lake, tena akaazima karai letu.

"Wazee wangu," nikapaza sauti, "humu hakuna dhahabu. Kuna usugu wa dawa!"

Mzee Marwa akatua koleo. "Huo nao unauzwaje?"

Wakaipeleka samadi yote mtoni kuiosha, palepale ng'ombe wa kijiji wanaponywea. Mama mdogo hakuwazuia. Tangu masika alikuwa akiwabembeleza wanawe wasafishe zizi. Mimi nilitamani kulia.

Kesho yake nilirudi mjini. Maabara ikaonyesha kwamba ile sindano yake haiui kitu tena. Daktari wa mifugo akambadilishia dawa, ng'ombe akapona, nami nikafurahi mno. Kuhusu usugu unavyosambaa, vitabu hutaja mvua na mbolea. Nimejifunza kuwa tetesi ina mbio kuliko mvua.

Wiki chache baadaye mama mdogo alipiga simu. "Maziwa yapo, mura. Ila mtoni simpeleki tena. Maji yake nayabeba mwenyewe kutoka kisimani, ndoo kwa ndoo. Mzee Marwa bado anaosha."