Siku Tuliyowapisha Siafu

Leo asubuhi chai imechemka ikamwagikia mafiga, na harufu ya majivu yaliyolowa ikanirudisha kwa bibi, mchana ule siafu walipoingia nyumbani.

Walikuja baada ya mvua, mkanda mweusi unaometameta, wakapita chini ya mlango kama wenye nyumba. Bibi alinituma kumfungua ndama. Yeye akawatoa kuku, akamwaga majivu ya moto kuzunguka zizi, tukakaa uani. Nikalia kwamba tumefukuzwa.

"Nani kakufukuza?" alifoka. "Siafu hana kwake. Anakula anachokikuta, anaondoka. Sisi tunampisha tu. Kupisha siyo kuhama!"

Kisha akanionyesha sisimizi karibu na mguu wa kigoda chake, wakiburuta punje ya mtama kuingia shimoni. Juzi yake nilikuwa nimelimwagia maji shimo lile lile, likajaa.

"Na hawa, umewahamisha?"

Jioni siafu walikuwa wamekwenda. Tulirudi ndani hakuna panya, hakuna mende, na bibi akawasha moto kwenye mafiga yale yale.

Nilikuwa bado nafuta chai niliposikia hodi. Ni bwana mmoja, ameshika kopo la rangi nyekundu, na ukutani kwangu ameshachora alama ya X.

"Shikamoo mama. Tunaomba mpishe mradi."

"Marahaba," nikasema, nikasimama katikati ya mlango. "Tutapisha. Sasa niambie, mwanangu: mkishapita, turudi saa ngapi?"