Hali Chakula Mpaka Tamthilia Ianze

Bibi niliyekuwa nikimtunza ughaibuni, kule Woodbridge, alikuwa hali chakula mpaka tamthilia ianze. Si kwamba alikuwa mkaidi. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshika kiasi kwamba ukimwekea kijiko mdomoni anakiuma, anakutazama kama mtu aliyeonewa, halafu anatema. Lakini ikifika saa saba mchana, ule muziki wa mwanzo ukilia kwenye televisheni, mdomo ulifunguka wenyewe. Nilikuwa na saa moja. Ndani ya saa hiyo nilimlisha viazi vitamu vya kuponda, kuku niliyemchambua mpaka akawa nyuzi, na vidonge vyake vyote nikiwa nimevisaga ndani ya uji wa tufaha. Saa nane ikipiga, mdomo umefungwa, basi tena mpaka kesho.

Zamani alikuwa karani wa mahakama katika mji wa Upper Marlboro. Binti yake aliniambia kwamba miaka yote ile mama yake alikuwa akitega mashine ya kanda za video irekodi tamthilia mchana, akirudi jioni anavua viatu na kutazama. Alipostaafu akaanza kuitazama saa yake yenyewe, kila siku ya kazi. Aliziita "hadithi zangu." Akili ilipoanza kupotea, binti alimchukua akae naye Woodbridge, na mimi nikaajiriwa kushinda naye mchana. Nilimwita Mama. Yeye aliniita "mpenzi," kama alivyomwita kila mtu ambaye jina lake lilikuwa limemtoka.

Katika tamthilia ile kulikuwa na mwanamke tajiri mwenye hoteli, ambaye alikuwa ameolewa mara tatu na mwanamume yuleyule. Bibi alimpenda kuliko watu wote wa humo. Mwigizaji wake alikuwa ameishika nafasi hiyo tangu ujana mpaka nywele zikawa nyeupe. Siku moja, kabla hata sijachota kijiko cha kwanza, sauti ikatangaza kwamba kuanzia leo nafasi ya mama huyo itachezwa na mwingine. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa koti lilelile la bluu la yule wa zamani.

"Huyo nani?" bibi akauliza.

"Ni yuleyule, Mama. Wamebadilisha mwigizaji tu."

"Amevaa nguo zake. Yuko nyumbani kwake. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa langu. Nilienda jikoni kupasha supu moto, na niliporudi bibi alikuwa ameshika ile simu ya wazee yenye vitufe vikubwa, anamweleza mtu kwa sauti ya ofisini, ileile ya mahakamani, kwamba kuna mwizi ameingia ndani ya nyumba na amevaa nguo za mwenyewe.

Polisi walikuja wawili. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa halali, nilikuwa nimeshaomba zihuishwe, lakini hofu haisomi karatasi. Nilisimama sebuleni nimeshika bakuli, nimeliinamisha bila kujua mpaka supu ikamwagikia kiatu. Nikaeleza. Yule mkubwa alitazama televisheni, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya kiti cha bibi. "Mama," alimwambia, "tutamtafuta yule wa kwanza." Bibi akamshukuru. Siku hiyo alikula vijiko viwili tu.

Jioni binti alisoma karatasi waliyoiacha polisi. Alikuwa bado na koti na mkoba begani. "Hali ikiendelea hivi itabidi nimpeleke kwenye nyumba ya wazee," alisema. Alinitazama kama anayeniomba nimkatalie. Nilimkatalia. Nilisema atazoea, nipe muda.

Kweli alianza kuzoea. Halafu yakaja mahojiano ya Bunge, yakirushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Kutoka majengo ya Bunge mpaka sebule yetu ni mwendo wa gari usiofika saa moja barabara ikiwa wazi, na wiki mbili nzima wanaume wenye tai walikaa mahali pa tamthilia wakiulizana maswali. Majirani wengine labda walikuwa wanafuatilia nchi inakwenda wapi. Mimi nilikuwa nawaombea wamalize kabla ya saa saba. Hawakumaliza. Bibi alisubiri muziki, muziki haukulia, na kijiko kikarudi kama kilivyokwenda. Muuguzi aliyekuja kumpima uzito alitazama mizani, akanitazama mimi, akaandika.

Ilikuwa siku hizohizo, nikiwa kwenye foleni ya dukani, ndipo niliposoma kwenye jarida moja kwamba tamthilia yetu inaweza kuondolewa hewani. Watazamaji wamepungua, waliandika. Nilisimama pale mpaka mtu wa nyuma yangu akanigusa bega. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kuna anayehesabu watazamaji. Halafu nikakumbuka kijisanduku kilichokuwa chini ya televisheni ya nyumbani kwangu.

Sisi tulikuwa tunakaa Alexandria, mji wa jirani na Woodbridge, upande wa magharibi, kwenye fleti ya ghorofa ya tano. Miezi michache kabla, mama mmoja mpole alibisha hodi, akasema nyumba yetu imechaguliwa kupima vipindi vinavyotazamwa. Mume wangu ni mtu wa Mbeya, hawezi kumkatalia mgeni. Alimkaribisha chai, na chai ilipoisha tulikuwa tumeshakubali. Wakafunga kijisanduku, wakatupa rimoti: kila mtu ana namba yake, ukikaa kutazama unabonyeza kusema nipo. "Nyinyi mnawasemea maelfu ya watu," yule mama alituambia. Tulikuwa tunatazama taarifa ya habari, na mpira Jumamosi. Maelfu yetu walikuwa watu wa kuchosha sana.

Mume wangu alikuwa akilinda magari hotelini usiku, anarudi asubuhi, analala mpaka saa tisa. Nilimngoja Jumapili baada ya ibada.

"Nataka kuanzia kesho uamke saa saba, uwashe tamthilia, ubonyeze namba yako."

"Niamke saa saba?"

"Na yangu pia uibonyeze."

Yeye ni mzee wa kanisa. "Mke wangu, huko si kudanganya?"

"Ni kudanganya."

Nilimweleza habari ya mizani. Nilimweleza jinsi mkono wa bibi ulivyokuwa mwepesi nikimvalisha sweta. Sikumwambia kwamba nikipoteza kazi ile tutakwama, kwa sababu hilo alilijua. Aliweka simu yake ilie saa saba kasoro tano.

Sikutegemea kwamba ataitazama. Nilidhani atabonyeza na kujifunika shuka. Lakini wiki ya pili alianza kunipigia saa nane na dakika moja. "Umeona yule mume katoka gerezani?" Nilikuwa nimeona, nilikuwa nimekaa mbele ya picha ileile na kijiko mkononi. "Huyu mama mpya mimi namwonea huruma," alisema siku moja. "Watu wote humo wanamtazama kama si yeye." Tangu tuje nchi hii tulikuwa hatujawahi kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Sikuweza kulifurahia. Kila alipopiga simu nilikuwa natazama sahani imebaki na nini.

Mama wa kijisanduku alipiga simu siku ya Jumatano. Nilikuwa jikoni kwa bibi, mahojiano yalikuwa yamerudi tena, na sebuleni nilimsikia akigonga kijiko kwenye meza.

"Nakagua tu taarifa zenu," alisema kwa upole. "Naona saa saba mchana mnatazama nyote wawili kila siku. Ulipojiunga ulieleza kwamba mchana unafanya kazi. Kazi imebadilika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Badala yake nikamwambia yote, haraka haraka, Kiingereza changu kikijikwaa: bibi, mizani, polisi, koti la bluu. Nikamwambia, "Unamsikia? Huyo ndiye anayegonga. Yeye ndiye mtazamaji. Mwandikeni yeye."

"Samahani sana," alisema yule mama. "Siruhusiwi kuzungumzia kipindi chochote."

Ijumaa alikuja kukitoa kijisanduku. Mume wangu alimpa chai tena. Akamuuliza kama zile wiki zote zilisaidia kitu. Alijibu kwamba taarifa za nyumba yetu zimeondolewa zote.

"Kwa hiyo hatukuwahi kutazama," mume wangu akasema.

Yule mama alimaliza chai yake akiwa amesimama.

Haukupita muda mrefu, wakatangaza. Tamthilia itahamia kwenye intaneti, na saa saba pale hewani patakuwa na habari. Binti alinunua tableti siku hiyohiyo, akanionyesha pa kubonyeza. Alisema sasa ni afadhali, hakuna mahojiano ya kuikatiza, na mama anaweza kutazama wakati wowote anaotaka. Lakini bibi hakutaka wakati wowote. Alitaka saa saba, na alitaka pale. Niliitundika tableti mbele ya televisheni kwa kamba, nikaifunika televisheni kwa shuka. Muziki ukalia, mdomo ukafunguka. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya nne nilipiga magoti jikoni nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Siku ya tano muziki ulilia na mdomo haukufunguka. Sijui kwa nini. Mpaka leo sijui.

Nilirudisha muziki mwanzo. Nikaurudisha tena. Nilimwimbia, nilimbembeleza, nilimwonjesha sukari kwenye ncha ya kijiko. Siku tatu zilipita kwa maji na maziwa kidogo. Siku iliyofuata nilifanya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote kanisani. Nilimshika taya kwa vidole, nikabana, nikaufungua mdomo na kuingiza kijiko. Alilia. Hakupiga kelele, machozi tu yalitiririka mpaka kwenye vidole vyangu, na viazi vikabaki vimekaa juu ya ulimi wake. Aliniambia, kwa shida, "Mpenzi, nimekukosea nini?"

Nilimsafisha. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake mpaka binti aliporudi, nikamwambia mwenyewe kabla hajavua koti. Nilitegemea anifukuze. Alikaa kwenye ngazi.

"Na mimi nilifanya hivyo," alisema. "Jumapili."

Tulikaa pale, yeye kwenye ngazi, mimi sakafuni, na hakuna aliyemfariji mwenzake. Wiki iliyofuata bibi alipelekwa kwenye nyumba ya wazee, na kazi yangu Woodbridge ikaisha.

Nyumba yenyewe ilikuwa Alexandria, vituo vinne vya basi kutoka kwangu. Nilikaa mwezi mzima bila kwenda. Nilikuwa naogopa kumkuta mifupa mitupu. Siku niliyopata ujasiri nilipika supu ya kuku, nikaitia kwenye chupa ya chai isipoe, nikaenda mapema ili saa saba inikute kando yake.

Nilifika saa tano na nusu, wakati wao wa chakula. Bibi alikuwa amekaa kwenye meza ya watu wanne. Televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha mtu akikata vitunguu, sauti imezimwa, na hakuna aliyeitazama. Bibi alikuwa anakula. Mwenyewe, kwa mkono wake, uma ukipanda na kushuka bila haraka. Mzee wa pembeni alimwambia kitu, bibi akacheka na chakula mdomoni. Alimaliza sahani. Akapangusa mdomo, akaita aongezewe mkate.

Nilisimama mlangoni na chupa yangu. Ningepaswa kufurahi, na kuna mahali ndani yangu palifurahi. Lakini nilichokihisi zaidi ni hasira, hasira ya kitoto, kama mtu aliyebeba mzigo mlima mzima na kufika juu akakuta watu wameketi. Sikuingia. Nilimwachia mhudumu supu, nikasema ni ya yeyote atakayeitaka.

Nyumbani mume wangu alikuwa amelala. Alisikia ufunguo, akafungua jicho moja.

"Amekula?"

"Amekula. Mwenyewe."

Akaketi kitandani. "Mungu ashukuriwe," alisema, na alimaanisha.

Nikasema amina. Nikaingia bafuni, nikafungua maji mpaka mwisho ili asinisikie.