Kikohozi cha Mzee Anyosisye

Tupokigwe alimjua baba mkwe wake kwa kikohozi. Kwao Masoko mke hamtazami baba wa mumewe, hapiti mbele yake, wala hataji jina lake. Vijana wa Tukuyu mjini walishaanza kuyaona hayo kuwa mambo ya kizamani, lakini Tupokigwe alifundwa akafundika. Mzee Anyosisye akikohoa upande wa migomba, Tupokigwe aliingia jikoni. Tupokigwe akikohoa njiani, mzee alipinda kona. Waliishi hivyo kwa amani tele, kila mtu na kikohozi chake.

Mimba ya kwanza ndiyo iliyokuja kuvuruga mambo. Ilipokaribia kutimia, miguu ilivimba, kichwa kikauma, macho yakaona ukungu, na asubuhi moja akaanguka uani akitetemeka mwili mzima. Mumewe, Ambilikile, alikuwa Kiwira kuuza ndizi. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki zamani. Mzee akakohoa, akakohoa tena, kimya. Basi akatupa jembe, akambeba mwenyewe mpaka barabarani, akaizuia pikapu ya wanunuzi wa kahawa, wale wa binafsi walioruhusiwa juzijuzi kushindana na ushirika. "Shusheni magunia," akawaambia, nao wakashusha.

Hospitali wakasema ni presha ya mimba iliyofika hadi kifafa. Jairo akazaliwa kabla ya wakati, kadogo, lakini mzima.

Ila alikuwa mtoto wa kushtuka. Sufuria ikigonga, analia. Mlango ukifungwa, analia, na akianza hanyamazi mpaka sauti imkauke. Mama yake hakupata usingizi, na presha ikagoma kushuka. Majirani nao hawakukosa la kusema: eti ni ule mwiko uliovunjwa pale uani. Neno hilo lilimchoma Tupokigwe. Aliogopa kwamba amemletea mwanawe balaa.

Kliniki akamweleza nesi Shamimu huku machozi yanamtoka. Shamimu, binti wa fundi cherehani wa mjini, hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mwiko gani, mama? Mzee asingekugusa, leo ningeongea na nani?" akasema. "Mwili una homoni inayomwamsha mtu akiwa hatarini. Mama akiwa na presha, mtoto tumboni naye huenda anakaa roho juu. Kwa baadhi yao hiyo homoni inapanda upesi, kushuka inachelewa. Si laana hiyo. Anataka kifua cha mtu mtulivu, ngozi kwa ngozi, na wewe ulale. Nani nyumbani kwenu ametulia?"

Aliyetulia nyumbani alikuwa mmoja tu, na hata kumtaja hawezi.

Ujumbe wa nesi ulipelekwa kwa mzee na Ambilikile. Kesho yake Tupokigwe akatandika mkeka barazani, akamlaza Jairo, akakohoa, akaingia ndani na kufunga mlango. Kikohozi kikamjibu kutoka migombani. Mtoto akalia, akalia haswa. Mzee akamweka kifuani, shati wazi, akaanza kumsimulia kwa Kinyakyusa, polepole, habari za mashamba ya chai alikochuma ujanani: nani alikuwa mvivu, nani alioa vibaya. Kilio kikapungua, kikaisha. Tupokigwe alisimama nyuma ya mlango akisubiri kianze tena. Hakikuanza. Akajilaza palepale chini, akalala fofofo.

Wakaendelea hivyo msimu mzima wa mvua. Presha ikashuka, Jairo akanenepa, na hata siku ya sindano ya chanjo alilia kidogo tu, akasahau.

Sasa anakimbia huku na huko, na zile sufuria anazigonga mwenyewe. Watu husema amefanana na babu yake kitu na boksi. Tupokigwe hawezi kubisha wala kukubali, maana uso ule hajautazama hata siku moja. Ila jioni, akishamwogesha Jairo, huushika uso wake kwa mikono miwili, akautazama mpaka ashibe.