Vidonge Nilivyogawana na Kuku

Mimi ni mtu wa kujua kila kitu. Mume wangu husema hata siku ya kuzikwa nitamsahihisha mchimba kaburi. Kwa hivyo mama yangu, anayeishi nami hapa Shirere, alipolalamika kwamba mkojo unamchoma, sikumpeleka hospitali. Nilikuwa na vidonge vya rangi mbili vya kuua vijidudu nilivyonunua sokoni Lubao, kwa kuwa kuku wangu walikuwa wanaharisha na wakwe watarajiwa wa binti yangu walikuwa wanakuja. Nani huku kwetu humpokea mkwe bila ingokho, kuku wa heshima? Vidonge vilikuwa kumi. Vitano nilivipasua nikamwaga unga kwenye maji ya kuku, vitano nikampa mama. Nilijiona mtu wa haki kabisa.

Mama alisema amepata nafuu. Wageni walikula wakashiba. Baada ya miezi michache mkojo ulianza kumchoma tena, nikamnunulia vingine vichache, ukatulia, kisha ukarudi kwa nguvu. Safari hii homa ilimpanda mpaka akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Hapo kiburi kiliniisha.

Hospitalini dawa ya kwanza haikufua dafu. Walipeleka mkojo wake maabara, na majibu yalipotoka nilimfuata mwanamke aliyeupima nikitaka anieleze dawa imeshindwaje. Alinieleza polepole. Alisema vijidudu vya aina ile waliyoikuta kwenye mkojo vina ngozi ya nje, na kwenye ngozi hiyo kuna protini zilizo kama vijilango, ambamo dawa nyingi huingilia. Vingine hupunguza vijilango hivyo, au huvifanya vyembamba, dawa ikabaki nje. Vingine vina protini za kusukuma nje hata ile iliyokwisha kuingia. Ukitumia dawa kidogo kidogo, vilivyo dhaifu hufa, na hivyo vigumu hubaki na nafasi yote ya kuzaana.

Nilimwuliza kama ni mimi niliyeviacha vizaane. Alisema hakuna anayeweza kujua, huenda mama alivipata kwingine. Maskini, alitaka kunipunguzia mzigo, lakini mimi nilijua mkono uliopasua vile vidonge ni wa nani.

Walimwekea dawa nyingine ya sindano. Siku tatu nilikaa kando ya kitanda nikimtazama kifua kama kinapanda, nikimwomba Mungu asinitwalie mama kwa ujinga wangu. Siku ya nne aliomba uji. Nilimnywesha, machozi yakinitoka, na nikashindwa kuvumilia.

“Mama, ni mimi niliyekuumiza. Dawa yako niliwapa kuku.”

Nilingoja anikemee, maana mama hana simile na mtu, hata awe mgonjwa. Badala yake alivuta leso yake kutoka chini ya mto, akafungua fundo la pembeni. Ndani mlikuwa na vidonge vitatu vya rangi mbili, vimefifia kwa jasho.

“Hata hivyo vitano sikumaliza,” alisema. “Uchungu ukipungua, mtu huwekanga. Hivi nilikuwekea wewe, siku ukiugua.”